Hatunaye

Agizo lilikuwa fupi: wakifika chuoni, wasijuane.

Kasuku alilitoa Jumapili mchana, amekaa kwenye kigoda cha baba yake cha kushonea viatu, magoti ameyabana, macho ameyateremsha sakafuni. Jina la Kasuku alipewa na mtaa alipokuwa mdogo, kwa sababu alianza kusema mapema na akianza hakuna wa kumnyamazisha. Mama yake naye tangu hapo akawa Mama Kasuku, na hata posta walimjua hivyo. Mchana huo kasuku mwenyewe alikuwa anayatafuta maneno kama mtu aliyedondosha sindano.

"Tusijuane vipi?" mama yake aliuliza. Alikuwa amesimama kando ya kitanda anakunja nguo za watu, kazi aliyobaki nayo tangu alipostaafu udobi wa hospitali.

"Yaani uje kama mhojiwa, mama. Mtu niliyemtafuta nikamhoji, basi."

"Kwani hukunihoji?"

"Nilikuhoji. Ila hawajui kuwa wewe ni mama yangu."

Jambo lenyewe lilianza mbali kidogo, na kosa halikuwa la ubaya. Profesa wao wa historia alikuwa amewakanya wanafunzi wake mapema: asije mtu na maneno ya mama yake au bibi yake akayaita utafiti, kwa sababu mtoto hajui kumuuliza mzazi, na mzazi hajui kumjibu mtoto. Tokeni nje, aliwaambia, mkatafute watu. Kasuku akatoka. Alikuwa anaandika juu ya madobi wa hospitali kuu, wanawake waliofungiwa ndani ya geti mwaka ule wa homa ya kuambukiza, wakawa wanafua mashuka ya wagonjwa wiki baada ya wiki bila kurudi makwao. Wa kwanza aliyemtafuta alikuwa amehama. Wa pili kumbukumbu zilishamtoka, akamwita Kasuku kwa jina la dada yake. Wa tatu alimsikiliza mlangoni mpaka mwisho, kisha akafunga mlango polepole, bila hasira, kama mtu anayefunika sufuria. Akabaki mmoja, na huyo alikuwa jikoni kwao anamenya viazi.

Basi akamhoji huyo. Akampa jina la kuficha, Bi Povu, na kwenye andiko akaandika kwamba walikutanishwa na wafanyakazi wa zamani wa hospitali. Andiko likatoka zuri kuliko alivyotegemea, Profesa akalisoma akatoa machozi. Sasa semina kubwa ya majira ya machipuko ilikuwa inakuja, wageni wanatoka vyuo vingine, na baada yake ingeamuliwa nani apewe nafasi moja ya mwalimu msaidizi. Profesa alikuwa amesema mbele ya darasa zima: tuletee huyo Bi Povu, tumwone kwa macho.

"Ningekataaje?" Kasuku alisema. "Wakijua nimedanganya, andiko linatupwa. Na nafasi imekwenda. Na hata shahada yenyewe sijui."

Baba yake, misumari midogo imemjaa mdomoni, aliitema kiganjani ili apate kusema. "Kwa hiyo mimi sasa ni mume wa Bi Povu. Nani aliniozesha? Maana harusi sikuiona."

Akachagua msumari mmoja kiganjani.

"Haya. Na mtakapokutana huko mtaitanaje? Mheshimiwa?"

"Hilo ndilo jepesi kuliko yote, baba," Kasuku alisema, na kwa mara ya kwanza akainua uso. "Mimi nitamwita mama, yeye ataniita mwanangu. Si kila mtu mzima anaitwa mama? Hakuna atakayeshtuka."

Mama Kasuku alicheka kweli kweli, mpaka akakaa juu ya nguo alizokwisha kunja. "Kumbe lugha yetu imetengenezwa na wezi!"

Akakubali. Angekubali hata kubwa zaidi ya hilo. Tangu mwaka ule wa homa hakuwahi kumnyima binti yake kitu, kwa sababu ya kitu kimoja alichomnyima wakati ule. Mumewe ndiye aliyebaki na kinyongo. Usiku wa kuamkia safari aling'arisha viatu vya mkewe mpaka vikawaka, akavipanga mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Mtu baki anakwenda chuoni na viatu vizuri." Mkewe alijifanya amelala.

*

Baridi ilikuwa imekatika ghafla wiki ile. Nyumbani kwao, kwenye nyumba zilizobanana, ilikuwa bado haijatoka kwenye kuta, kwa hiyo Mama Kasuku alivaa koti lake zito. Chuoni alikuta jua limekaa kila mahali, miti imetoa majani madogo ya kijani kibichi, vijana wamejilaza nyasini na mikono mitupu kama watu wasiokuwa na deni la kazi. Jasho likamtoka. Koti hakulivua, kwa sababu chini yake gauni lilikuwa limefubaa kwapani.

"Wafagizi wanapitia mlango wa nyuma, mama," mlinzi wa geti alimwambia, tena kwa adabu.

"Sijaja kufagia. Nimekuja kwa mwa—" Akajirudi. "Nimekuja kwenye semina ya historia."

Mlinzi alimtazama viatu, akamfungulia.

Kasuku alikuwa anamngoja kwenye ngazi za ukumbi pamoja na Profesa, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na sura ya mtu asiyependa kumuumiza yeyote. Kasuku aliteremka ngazi mbili, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Ilitoka vizuri ajabu. Siku hizi Kasuku akija nyumbani aliingia na "Mama, kuna chai?" na shikamoo ikafuata baadaye, ikifuata. Mama Kasuku aliona kichekesho, kwamba ili aamkiwe hivi na mwanawe imebidi asiwe mama yake. Kisha akaona kola ya blauzi ya binti imekunjika upande mmoja. Mkono ukaenda wenyewe. Ulipofika katikati ya njia akakumbuka, akaugeuza akafukuza nzi ambaye hakuwepo.

"Naona mmezoeana," Profesa alisema, amefurahi. "Karibu sana, dada yangu. Tumekusoma mpaka tunakuota."

Wakambandika kifuani kipande cha karatasi ngumu kilichoandikwa BI POVU kwa herufi kubwa. Kijana mmoja mwenye ndevu chache alikisoma, akatabasamu, akamuuliza kama hilo ndilo jina lake hasa. "La kazini," alimjibu. Wakamketisha mstari wa mbele peke yake, kiti cha kushoto kitupu na cha kulia kitupu, kama mgonjwa.

*

Kasuku alisoma vizuri. Mama yake hakuelewa nusu ya mwanzo, ile yenye majina ya wataalamu, lakini alipoanza kusikia maneno yake mwenyewe yanatoka kwenye kipaza sauti alishika ukingo wa kiti. Yalikuwa yale yale aliyoyasema akimenya viazi. Humo ukumbini yalikuwa yamevaa nguo za kutokea. Bi Povu anasema hivi, Bi Povu anakumbuka vile. Jinsi geti lilivyofungwa. Jinsi msimamizi alivyowaambia kabla halijafungwa kwamba anayetaka kwenda kwake aende sasa, ila asirudi tena kazini. Jinsi Bi Povu, mwenye mtoto wa kunyonya nyumbani na mume ambaye viatu vya kushona vilikuwa vimekwisha, alivyobaki.

Walipompa nafasi ya kusema mwenyewe alisimama na koti lake. Akawaeleza kwamba shuka lenye damu haliguswi na maji ya moto, linakwenda kwenye ya baridi kwanza, la sivyo damu inashika milele. "Na ninyi hapa mnaoosha kwa mashine, mnaharibu mashuka ya watu." Ukumbi ukacheka. Akapata moyo. Akawaambia jinsi walivyolala juu ya marobota ya nguo safi, jinsi walivyokamua maziwa yao kwenye sinki la kufulia yeye na mwenzake mmoja aliyekuwa ananyonyesha, wamepeana mgongo kwa kuona haya.

"Na ulipotoka?" Profesa aliuliza taratibu kutoka mezani.

"Nilipotoka mtoto hakunijua. Nilimpa ziwa akaligeuzia uso. Alimlilia jirani aliyekuwa anamshika mchana. Nikamwambia baba yake, mwache, nina harufu ya dawa. Lakini haikuwa dawa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo. Kwenye mahojiano ya jikoni hakulisema, kwa sababu aliyekuwa anauliza ndiye yule yule aliyegeuza uso. Profesa alikuwa amesema kweli kuhusu watoto na wazazi. Kasuku, nyuma ya kipaza sauti, aliacha kuandika.

Kijana mwenye ndevu chache akanyoosha mkono. "Mama, samahani. Watu wa kule kwenu wanakuitaje? Nje ya andiko."

"Mimi? Wananiita Mama Ka—" Alisita, kisha akaona hakuna ubaya, hapa chuoni nani anayelijua jina la mtaani la binti yule? "Mama Kasuku."

"Kasuku ndiye huyo mtoto?"

"Ndiye."

Minong'ono ya furaha ikapita ukumbini. Profesa alivaa miwani yake. "Lakini hili ni jambo kubwa! Mtoto mwenyewe! Atakuwa mtu mzima sasa. Yuko wapi, dada yangu? Tungependa sana kumsikia na yeye. Tunaweza kumpata?"

Mama Kasuku alimtazama binti yake. Kasuku alikuwa amegeuka rangi ya majivu, vidole vimeshika meza, na kichwa kinatikisika kidogo sana, hapana, hapana, kama kile cha mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara. Hapo mama akatafuta neno dogo tu la kufunga mlango. Alitaka kusema kwamba huyo mtoto hayuko nao pale, hapatikani, wasimtafute. Na katika maneno yote ambayo Mungu aliyaweka kinywani mwa watu, likamtoka moja.

"Hatunaye," alisema.

Mama mmoja mgeni nyuma alisema "Maskini!" kwa sauti ya kulia. Mama Kasuku hakujua amefanya nini mpaka alipoona Profesa anavua miwani, machozi yakimlengalenga, anainuka polepole kutoka kitini.

"Pole sana, dada yangu. Pole. Sikujua, nisamehe." Kisha akaugeukia ukumbi. "Ndugu zangu, naomba tusimame. Tumkumbuke mtoto huyu kwa dakika moja."

Viti vikakwaruza sakafu. Watu wote wakasimama, wageni na wanafunzi, mpaka fundi wa vipaza sauti kule pembeni, wakainamisha vichwa.

Kasuku alikuwa amesimama tayari. Alichotakiwa kufanya ni kusema tu, kipaza sauti kilikuwa mbele ya mdomo wake. Mama yake alimkazia macho. Sema, mwanangu. Sema jamani mimi hapa, mimi mzima, huyu ni mama yangu, amekosea neno. Alijua pia kwamba angeweza kulisema yeye mwenyewe, lakini alikuwa amekuja kutunza kitu cha binti yake, na kukivunja hakukuwa kazi yake, ilikuwa kazi ya mwenyewe. Akajikaza kisabuni, akangoja. Labda na Kasuku alikuwa anamngoja yeye. Wakatazamana hivyo, katikati ya vichwa vilivyoinama, mpaka Kasuku akainamisha chake.

*

Baadaye, watu wakinywa soda nje kwenye jua, walikuja kumshika mkono mmoja mmoja. Wengine walimkumbatia. Kijana wa ndevu chache alilia begani kwake na kuacha unyevu kwenye koti. Alipokea pole zote kwa kutikisa kichwa, na aibu ilimpanda kutoka miguuni kwa jinsi zilivyokuwa za kweli.

Kisha Kasuku akaja na bahasha. Profesa na wengine walikuwa wamesimama hatua chache nyuma, wanaangalia kwa huruma.

"Mama, washiriki wamechanga kidogo," Kasuku alisema kwa sauti ya kusikika. "Ni rambirambi." Halafu akashusha sauti. "Kwa nini ulisema vile?"

"Nilitaka kusema hupatikani."

"Kuna maneno mangapi ya kusema hapatikani?"

"Lilinitoka, mwanangu. Ulikuwa unatikisa kichwa. Na wewe je, kwa nini uliinama?"

Kasuku aligeuza bahasha mikononi. Kola ilikuwa bado imekunjika.

"Wote waliinama," alisema.

Mama Kasuku hakuwa mtu wa kukasirika haraka, na hata hapo hakukasirika. Aliona tu uchovu, ule wa kuinua marobota mabichi. "Hiyo baki nayo. Si ni yako?"

"Mama, tafadhali. Wanatuangalia. Chukua."

Akachukua. Akasema asante mwanangu, na wale waliosimama nyuma wakasikia, na mama mgeni akajifuta macho tena. Kasuku alimsindikiza mpaka mwanzo wa njia ya kwenda getini. Zaidi ya hapo, alisema, ingeonekana.

*

Nyumbani mumewe alikuwa ameacha kazi mapema, anamngoja mlangoni. "Ehee, Bi Povu! Walikuonaje?"

"Walinipenda."

"Na yule mtu baki wako?"

"Alisoma vizuri. Ungemsikia."

Hakumwambia zaidi. Alijaribu usiku ule na usiku uliofuata. Lakini angeanzia wapi kumwambia mwanamume aliyembeba yule mtoto usiku kucha mwaka wa homa, akimnywesha uji kwa kijiko cha chai, kwamba watu wamesimama wakamzika? Bahasha aliipeleka kanisani bila kuifungua, akaitia sandukuni kwa haraka, na hata hapo hakusikia nafuu.

Kasuku alipata ile nafasi. Habari zilikuja kwa simu, baba yake akapiga vigelegele kama mwanamke, akawatangazia wateja kwamba mwanawe sasa ni mwalimu wa chuo kikuu, na yeyote mwenye viatu vya kuvuja siku hiyo alishonewa kwa nusu. Majirani walimpongeza Mama Kasuku, naye akapongezeka. Alikuwa na furaha kweli, hilo lisemwe. Ila furaha ilikuwa kama nguo iliyopigwa pasi na unyevu wake, inapendeza na haivaliki.

Miti ilikuwa imeshafunga majani mapana Kasuku alipopiga tena. Ilikuwa alasiri, mama yake yuko peke yake chumbani, sauti ya nyundo ya mumewe inasikika nje.

"Mama, kuna kitabu kinatoka. Andiko langu limo. La kwanza kabisa."

"Hongera, mwanangu."

"Mhariri anataka sentensi moja ya kuongeza. Tanbihi tu, chini ya ukurasa." Akakohoa. "Anataka kujua mtoto alifariki akiwa na umri gani. Na alifariki kwa nini."

Mama Kasuku alikaa.

"Waambie nilikosea."

"Nimefikiria. Nikiwaambia ulikosea, watataka kuzungumza na wewe upya. Na yeye pia."

"Na yeye nani?"

"Na... mtoto."

Mama Kasuku alifikiri, hapa ndipo. Bado hapajapita. Kama atalia sasa, hata akivuta pumzi vibaya, nitamwambia panda gari, njoo nyumbani, tutakwenda wote kwa yule Profesa, ni mtu mwema, nitapiga magoti mimi. Alingoja. Upande wa pili ilisikika karatasi inafunuliwa, na kalamu inabonyezwa.

"Andika miezi saba," alisema. "Ndio umri niliomwacha nao."

"Na sababu?"

"Weka homa. Mwaka ule nani aliuliza zaidi ya hapo?"

Kasuku aliandika. Iliwezekana kusikia anaandika. "Asante, mama," alisema alipomaliza, kwa sauti ile ile nzuri, ya heshima, aliyokuwa nayo kwenye ngazi za ukumbi, na mama yake hakuweza tena kutambua ni mama gani anayeitwa.

Nyundo ilinyamaza nje. Mumewe alichungulia mlangoni, amefunga aproni, uso una furaha. "Nimesikia simu. Ni nani, mtoto?"

Mama Kasuku aliiweka simu kifudifudi juu ya kitanda.

"Hapana," alisema. "Ni mtu wa chuo."